Watafiti, mrejesho wa vijana wa Chamwino uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie deni. Si deni la fedha. Ni la kauli niliyoitoa kwa kinywa changu mwezi Julai 2022, mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu wa shule moja ya kata wilayani Chamwino: "Tukishamaliza kazi, tutarudi kuwaletea matokeo." Niliirudia katika kila shule tuliyopita, kwa kuwa iliandikwa kwenye karatasi tuliyotakiwa kuwasomea kabla ya kuwauliza lolote. Wanafunzi wale wamekwishamaliza shule. Wengine wana watoto. Matokeo hayajaletwa.

Mimi ni mdadisi. Ndilo jina la kazi yetu, ingawa wengine wanatuita wadodosaji, na vijijini wengi wanasema tu "watu wa takwimu". Tunachukuliwa kwa mkataba wa wiki mbili au mwezi, tunapewa kishikwambi, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na nauli, tunakwenda kuuliza. Nimeshauliza watu kuhusu vyandarua, vyoo, mbegu za mtama, bei ya zabibu na marejesho ya vikundi vya akina mama. Nimezaliwa Mvumi. Kigogo nimekinyonya, Kiswahili ndicho ninachofanyia kazi kutwa, Kiingereza nakisoma polepole na kamusi ikiwa pembeni. Kwa hiyo timu ikifika kwenye kaya ambayo bibi hana Kiswahili cha kutosha, mimi ndiye ninayetangulia na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na mimi ndiye ninayebaki kutafsiri.

Utafiti wa 2022 ulihusu vijana: uraia wao, haki zao, na usawa wanaoupata au kuukosa katika elimu. Uliongozwa na wasomi wa chuo kimoja cha nje pamoja na wenzao wa hapa nchini. Vyuo sitavitaja. Jambo ninalolisema nimelikuta katika tafiti nyingi mbali na ule, na watu wale walikuwa waungwana, walitulipa kwa wakati na walikula mlenda pamoja nasi. Nilifurahi sana kupata kazi ile. Miaka yangu yote ya kuuliza, mtoto wa shule alikuwa mtu wa kuhesabiwa: wako wangapi, wa kike wangapi, wamefaulu wangapi. Safari hii tulikwenda kumuuliza mwenyewe anaonaje.

Neno "uraia" lilitupa shida tangu siku ya kwanza. Dodoso liliandikwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa na watu wasiojua tunakokwenda, likatufikia likiwa na swali: "Je, unajiona kuwa raia?" Mtu wa kawaida akisikia uraia anawaza kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, uhamiaji. Na lipo jingine ambalo mtafsiri alilisahau, kwamba raia kwetu ni pia mtu asiye askari. Redioni tunasikia mara kwa mara, "askari wawili na raia mmoja wamejeruhiwa". Basi kwenye majadiliano ya kikundi, chini ya mkwaju ulio nyuma ya maabara isiyoezekwa, kijana mmoja mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwikoni alisimama akajibu hivi: "Raia ni yule asiyevaa sare. Sisi tuna sare. Mwenye sare anaamrishwa, raia anaulizwa."

Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza. Upepo wa Julai ulikuwa unaingiza vumbi hadi kwenye chupa za soda, na kinasa sauti nilikuwa nimekizungushia kitenge. Nikayaandika maneno yake kwenye daftari vilevile, kwa kuogopa kwamba upepo utayameza.

Ifahamike kwamba vijana wale somo la Uraia walikuwa wakilisoma kwa Kiingereza. Shule ya msingi walifundishwa haki na wajibu kwa Kiswahili, wakavuka Kidato cha Kwanza wakakutana na mambo yaleyale yakiwa yamevaa nguo nyingine. Nilimhoji msichana aliyenikariria maana ya demokrasia kwa Kiingereza bila kukosea hata neno, macho yakiwa juu kama anayesali. Nilipomwomba aniambie kwa Kiswahili, au hata kwa Kigogo, jambo moja shuleni kwao ambalo wanafunzi waliamua wenyewe, alifikiri muda mrefu. Akasema: "Rangi ya soksi za mahafali."

Lakini kilichonikaa moyoni kuliko yote ni swali la adhabu. Tuliwauliza: unafahamu utaratibu wa kisheria kuhusu viboko shuleni? Majibu ya kuchagua yalikuwa "ndiyo", "hapana" na "sina uhakika". Karibu wote walisema hapana. Mimi naufahamu. Kanuni zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa 2002 zinasema viboko visizidi vinne; anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi; mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo; na kila adhabu iandikwe kitabuni. Yapo mengi ya kubishania hapo, na mimi ni mmoja wa wanaotamani fimbo itoke kabisa shuleni. Hata hivyo, hicho kidogo kilichoandikwa, mtoto akikijua anapata pa kushika. Anaweza kuuliza kwa adabu: mwalimu, kitabu kiko wapi?

Niliketi mbele ya binti wa miaka 16, akaniambia hajui, nikagusa "hapana", likaja swali linalofuata. Tulikuwa tumekatazwa kueleza. Kwenye mafunzo tuliambiwa mdadisi hamfundishi mhojiwa, maana akimfundisha majibu yanachafuka, na akitoka nje atawaambia wenzake wanaosubiri. Hilo nalielewa. Asubuhi ile, foleni ikiwa bado ndefu, nalielewa kabisa. Nisichokielewa ni jioni. Jioni hapakuwa na mhojiwa aliyebaki, wanafunzi wote walikuwa uwanjani wakisubiri kengele, na dereva alikuwa ameshawasha gari. Nusu saa ingetosha. Ingetosha hata karatasi moja kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Tukaondoka na "hapana" zao, na huko mbele "hapana" hizo zikageuka kuwa matokeo ya utafiti, kwamba vijana wa eneo lile wana uelewa mdogo wa haki zao. Uelewa huo mdogo tuliukuta, tukauandika, tukawaachia vilevile ulivyokuwa.

Sampuli ilihitaji pia vijana walioacha shule. Mmoja wao tulimkuta kwa bibi yake akitwanga uwele, mtoto wa miezi saba mgongoni. Nilifika kwenye swali lisemalo: je, umewahi kusikia kuhusu utaratibu wa mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni? Mchi ulibaki hewani. Akaniuliza: "Upo?"

Ulikuwapo. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi, na waraka ukatolewa. Ilikuwa imepita karibu miezi minane na habari hiyo haijafika kwenye kinu kile. Wakati huohuo ilikuwa imeshafika kwenye dodoso la wasomi, na mimi nilikuwa nimeishika mkononi.

Niligusa "hapana". Nikamaliza maswali yote yaliyobaki, nikazima kishikwambi, nikamweleza. Nilimweleza kwa Kigogo ili na bibi yake asikie, maana mzazi asipoelewa binti harudi popote. Msimamizi wangu alipopata habari aliniita pembeni akanionya kwamba naharibu takwimu, kwa kuwa kaya ya jirani ilikuwa bado haijahojiwa. Timu ile haikuniita tena. Binti alianza masomo mwaka uliofuata kupitia kituo cha elimu ya watu wazima, akiacha mtoto kwa bibi. Sisimulii haya ili nisifiwe. Nasimulia kwa sababu ilibidi mdadisi avunje masharti ya kazi ndipo msichana apate habari iliyokuwa yake tangu mwanzo. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Haisemi isipokuwa wakati anapohojiwa.

Mwaka jana mdogo wangu anayesoma chuo hapa Dodoma aliniletea makala iliyotokana na kazi ile. Ilichapishwa katika jarida la nje ambalo msomaji hulipia kwa dola. Yeye aliipata kupitia maktaba ya chuo. Kurasa 20 na zaidi, Kiingereza cha kupanda nacho mlima. Niliisoma majuma matatu nikisaidiwa na jirani yangu, mwalimu wa Kiingereza.

Ni kazi nzuri, nasema kwa moyo mweupe. Wanamfuata mwanafalsafa wa Marekani, Nancy Fraser, anayefundisha kwamba haki katika jamii ina pande tatu: kugawana kilichopo, mtu kuheshimiwa kwa jinsi alivyo, na kuwa na sauti pale mambo yanapoamuliwa. Nilipoielewa sehemu hiyo nilimwomba mwalimu tupumzike, kwa sababu niliona shule zetu zikipita mbele ya macho yangu. Kugawana: ada ya shule za kata ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa Waraka Namba 5 wa 2015, na ni jambo kubwa, nililiona darasa likifurika. Ila chakula cha mchana kinabaki kwa mzazi, na saa saba mchana nilishuhudia waliolipiwa wakipanga foleni ya makande na wasiolipiwa wakienda kukaa upande wa pili wa bomba la maji, wakijifanya wanapiga stori. Walishajua pa kukaa, hakuna aliyewaelekeza. Kuheshimiwa: mtoto akichanganya Kigogo kidogo katika kujibu, darasa zima linacheka na mwalimu analiacha licheke. Sauti: baraza la wanafunzi lipo, lina mwenyekiti na katibu, na kazi yake ni kusimamia zamu za usafi na kuandika majina ya wapiga kelele.

Ndipo ukurasa wa 9 nikakutana na kijana wangu wa sweta. "Mwanafunzi wa kiume, miaka 17." Wameandika alichosema, kwamba raia ni yule asiyevaa sare. Chini yake wakaeleza kwamba vijana hawajioni kuwa raia kwa sababu dhana ya uraia haijawafikia. Nusu ya pili ya maneno yake, ile ya kuamrishwa na kuulizwa, haikuwepo. Daftari langu ninalo, nililitoa kabatini nikahakikisha. Sidhani mtu aliikata kwa ubaya. Maneno yale yalipita kwenye kinasa sauti, kwa mwandikaji, kwa mtafsiri, kwa mtafiti aliye mbali na mkwaju ule. Pengine upepo uliyameza kweli. Lakini kila mmoja katika safari hiyo alipata nafasi ya kuyashika maneno ya kijana, isipokuwa kijana mwenyewe.

Agosti mwaka huu nikaamua kulipa deni kwa kadiri ninavyoweza. Niliiweka makala ile kwenye kurasa nne za Kiswahili, nikaenda stesheneri wakanichapia nakala 15, nikapanda bodaboda kutoka Buigiri. Vijana tisa niliwapata. Waliobaki wametawanyika: wapo wanaofanya kazi za ndani Dar es Salaam, yupo aliyekwenda JKT, wapo wanaopogoa zabibu Hombolo. Tulikaa kwenye banda la kufyatulia matofali, kwa sababu ndipo kijana wa sweta anapofanya kazi sasa, na bosi wake alikubali wapumzike saa mbili mradi watafidia jioni.

Nilisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye sentensi yake aliomba karatasi, akaisoma mwenyewe mara mbili, mikono imejaa simenti akiishika kwa ncha za vidole. Akasema: "Dada, mimi sikusema hatujui. Nilisema shuleni hatuulizwi." Hapo kikao kikawa chao. Msichana mmoja anayejifunza ushonaji alipinga kifungu kinachosema walimu hawawashirikishi wanafunzi. Akasema alikuwapo mwalimu wa taaluma aliyeweka sanduku la maoni na kulifungua mbele ya shule nzima kila Ijumaa, akasoma kila karatasi, hata zile za kumsema yeye, hadi alipohamishwa. Wote wakalikumbuka lile sanduku, lilikuwa la katoni ya mafuta ya kupikia. Kwenye makala halimo. Sisi hatukuuliza, dodoso halikuwa na pa kuliweka. Ninaamini mtafiti yeyote anayetafuta jinsi sauti ya mwanafunzi inavyozaliwa na kufa shuleni angelipa fedha nyingi kuipata habari ya sanduku lile, na ilikuwa hapo bandani bure, kwa bei ya nauli ya bodaboda.

Tukafika kwenye viboko. Nikawasomea kanuni, polepole, kipengele kwa kipengele. Binti niliyemhoji akiwa na miaka 16 alikuwa ameketi juu ya rundo la matofali, kimya tangu mwanzo. Aliposikia vinne, alisema, "Vinne?" Aliposikia kitabu, alisema, "Kumbe kuna kitabu." Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho hakikunjiki, kimesimama kando ya vingine. Alichapwa viboko kumi vya mkononi kwa kuchelewa, siku aliyoamkia kisimani. Nikamuuliza ilikuwa lini. Oktoba 2022, akasema, wiki ya mitihani ya majaribio.

Sisi tulipita Julai.

Siwezi kusema kanuni ingemkinga. Mwalimu aliyeghadhabika hasimami kusikiliza kipengele cha sheria. Ila miezi mitatu kabla ya siku ile niliketi naye ana kwa ana, nikamuuliza kama anajua, na nikaondoka nikijua hajui. Ndugu Mhariri, nimekuwa nikilala na jambo hilo tangu Agosti.

Najua watafiti wana majibu yao, na baadhi ni ya haki. Wanasema kurudi kunaweza kufichua nani alisema nini. Ni kweli, na kwenye shule ya wanafunzi wachache hata kuandika "wa kiume, miaka 17" kunatosha wenzake wamjue. Mrejesho unataka uangalifu, usifanywe mbele ya walimu, na yale ya siri yabaki ya siri. Lakini uangalifu huo ndio uleule tuliofundishwa kuwa nao wakati wa kuuliza. Hautushindi wakati wa kurudisha. Wanasema pia bajeti huisha. Bajeti huisha kwa sababu mrejesho hauandikwi ndani yake tangu mwanzo. Nimeona bajeti zenye fungu la mkutano wa kimataifa na fungu la ada ya kuchapisha. Mafuta ya gari kwa siku mbili na nakala za karatasi kurasa nne hazitafilisi mradi wowote.

Wala tusiambiwe kwamba hili ni jambo geni. Katika miaka ya 1970, kule Bagamoyo, mradi wa Jipemoyo uliwakusanya watafiti wa Tanzania na wa Finland, akiwamo Marja-Liisa Swantz, wakafanya utafiti pamoja na wanavijiji wenyewe: kuuliza pamoja, kuchambua pamoja. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha njia hiyo. Na kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule imjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi. Kudadisi! Ndilo neno la kazi yangu. Katika utafiti wa vijana na uraia, mdadisi alikuwa mimi peke yangu, na mtoto alikuwa wa kujibu.

Yupo msomi, Roger Hart, ambaye mwaka 1992 aliiandikia UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini anasema si ushiriki hata kidogo, na kimojawapo ni kuwafanya watoto kuwa pambo: wanavishwa fulana zenye ujumbe wasiouelewa wala hawakuutunga. Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, nawaona watoto wetu wakighani ngonjera juani mbele ya mgeni rasmi, fulana zinawafika magotini, namkumbuka Hart. Siku hiyo imewekwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976, walioandamana kwa sababu walipangiwa lugha ya kufundishiwa bila kuulizwa. Watafiti wanaipenda sana ngazi hii, naikuta kwenye marejeo ya makala zao. Naomba wajiulize vijana waliowapa maneno wamewaweka kwenye kipandio cha ngapi.

Ombi langu nalielekeza kwanza kwa wanaotoa vibali. Tume ya Sayansi na Teknolojia tayari inawataka watafiti wawasilishe ripoti kwake. Iongeze sharti kwamba muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache, upelekwe shuleni au kijijini kazi ilikofanyika. Halmashauri zetu, zinapoandika ile barua ya kumtambulisha mtafiti kwa watendaji wa kata, ziandike na tarehe anayotarajiwa kurudi, na mtendaji aiweke kwenye kalenda yake. Mkuu wa shule mmoja aliwahi kunionyesha faili la barua za utangulizi za watafiti waliopita kwake. Limejaa hadi kamba haifungi. Nikamwomba la ripoti walizoleta. Akasema hajawahi kulifungua faili hilo, hana cha kuweka ndani.

Kwa wasomi wenyewe ombi ni dogo zaidi. Mkimaliza kumhoji mtoto wa mwisho, kabla gari halijawashwa, waambieni wote yale mliyowauliza kama wanayajua. Viboko, kurudi shule baada ya kujifungua, baraza la wanafunzi, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinachompa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Wadadisi tupo, tunayajua, tunazijua lugha zao, tutaifanya kazi hiyo bila posho ya ziada. Na maneno ya mtu mnayotaka kuyachapa, mrudishieni ayaone yakiwa kwa lugha aliyosema. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Walimu wake wanatafuta mifano ya hapahapa nyumbani. Muhtasari wa utafiti uliofanywa kata ya jirani ungewafaa kuliko mengi ninayoyaona kwenye vitabu. Hii Dodoma tangu 2007 ina Chuo Kikuu cha Dodoma, na wanafunzi wengi kutoka vyuo vyetu hufanya tafiti zao za shahada kwenye shule zinazofikika kwa daladala. Hao hawahitaji hata kulala safarini.

Siku ile bandani, tulipomaliza, kijana wa sweta aliomba kalamu. Akaigeuza nakala yake, akaandika nyuma, akanipa niwapelekee walioandika makala. Niliipiga picha nikaituma kwa mtafiti mkuu tarehe 2 Septemba. Karatasi yenyewe ninayo, ina alama za vidole vya simenti pembeni. Imeandikwa: "Ukurasa wa 9, sentensi yangu ina nusu nyingine. Naomba muirudishe." Chini ameweka namba ya simu, na jina lake kamili, ingawa nilimweleza kwamba si lazima.

Nikijibiwa nitampelekea jibu Jumapili, baada ya ibada, kama tulivyokubaliana.

Mdadisi,
Chamwino, Dodoma
(Jina na anwani anavyo Mhariri)